Motokaa Haiwaki: Je, ni Stata au ni Betri?

Mtu apitaye alfajiri katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni mpaka Umoja na Kayole, hakosi kuona jambo hili: motokaa imesimama kando ya nyumba, mwenyewe ameketi ndani akigeuza ufunguo, na nyuma yake vijana wanne wameinama wakisukuma. Mara nyingi gari huwaka, vijana hupewa cha chai, na mwenyewe huenda zake akidhani ya kuwa shida imekwisha. Lakini haikwisha. Kesho yake gari litataka kusukumwa tena, na siku moja litakataa mahali pasipo na mtu wa kusukuma, au katikati ya Barabara ya Jogoo wakati magari yameshikana kuanzia City Stadium mpaka Donholm.

Kwa watu wengi wa mitaa hiyo motokaa si pambo, bali ni chombo cha kazi. Ni teksi, au matatu, au pikapu ya kuchukua mboga sokoni kabla ya kupambazuka. Gari lisipowaka asubuhi moja, mapato ya siku hiyo yamekwenda, na deni la mkopo halingoji. Tena iko hasara ya pili ambayo watu hawaihesabu. Mwenye gari huambiwa, "Stata imekufa," naye hununua stata, kumbe kilichoharibika ni kibano cha waya wa betri ambacho kingesafishwa kwa maji moto na kipande cha msasa. Au hununua betri mpya, na baada ya majuma mawili gari linasukumwa tena, kwa sababu betri ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Hasara hizo zote mbili huweza kuzuiwa na mtu ambaye hajui ufundi, mradi ana masikio ya kusikiliza na macho ya kutazama taa.

Kazi ya stata

Injini haiwezi kuanza yenyewe. Lazima kwanza izungushwe na kitu kingine mpaka ivute hewa na mafuta na kuwaka. Zamani kitu hicho kilikuwa mkono wa mwanadamu ulioshika hendeli mbele ya gari, na hendeli iliweza kurudi nyuma kwa ghafula na kumvunja mtu kifundo. Mmarekani Charles Kettering alitengeneza mota ya umeme ya kufanya kazi hiyo mwaka 1911, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yaliuzwa yakiwa nayo. Hata hivyo hendeli haikutoweka upesi. Katika miaka ya 1950 magari mengi ya Kiingereza bado yalikuwa na tundu lake chini ya bampa, na dereva aliyeachwa na betri yake aliweza kujiokoa mwenyewe. Magari ya siku hizi hayana tundu hilo. Stata ikikataa, hakuna hendeli ya kukimbilia.

Stata imefungwa ubavuni mwa injini, karibu na gia boksi, na kwa kawaida iko chini. Mgongoni mwake, au ndani yake, mna kifaa kiitwacho solenoidi. Ufunguo ukigeuzwa, umeme mdogo hupita kwenda kwenye solenoidi, nayo hufanya mambo mawili kwa mara moja. Kwanza husukuma gia ndogo ya stata mpaka meno yake yashikane na meno ya flaiwili, ambalo ni gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Pili huunganisha vipande viwili vinene vya shaba, na hapo umeme mkubwa wa betri huingia katika mota yenyewe na kuizungusha.

Umeme huo mkubwa ndio wa kuangaliwa sana, maana ndani yake ndimo zilimo siri nyingi za gari lisilowaka. Taa moja ya mbele ya motokaa hutumia umeme usiofika ampea 5. Stata ya injini ndogo ya petroli hutaka ampea 100 hadi 200, na ya injini ya dizeli hutaka zaidi. Ni kana kwamba mtu angewasha taa thelathini za mbele kwa wakati mmoja. Basi waya uliolegea kidogo, au kichwa cha betri kilichoota unga mweupe au wa kijani, huweza kupitisha umeme wa taa na wa redio bila shida yoyote, lakini ukiletwa mzigo wa stata njia ile husongwa. Ndiyo maana haifai mtu kusema, "Redio inalia, kwa hiyo betri ni nzima." Redio ni mzigo mwepesi mno kuwa shahidi wa jambo hilo.

Sauti na taa

Gari linapokataa, kabla ya kuwaita wasukumaji, ni vizuri dereva awashe taa za mbele, aelekeze gari ukutani au amwombe mwenzake asimame mbele, kisha ageuze ufunguo huku akisikiliza. Mambo yatakayoonekana ni haya.

Ikiwa taa ni hafifu tangu mwanzo, au zinafifia karibu na kuzimika mara ufunguo unapogeuzwa, na inasikika sauti ya haraka kama ya cherehani, ta-ta-ta-ta-ta, shauri kubwa ni betri au vibano vyake. Solenoidi inajaribu kushika, umeme unapungua, inaachia, inajaribu tena. Sauti hii huwaogopesha watu nao husema stata imevunjika, na kwa kweli stata mara nyingi haina hatia. Kwanza shika kila kibano juu ya betri ukitikise kwa mkono. Kikichezacheza, umeona ugonjwa. Halafu fuata waya wa ethi, ule mweusi, mpaka mahali ulipofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Hapo ndipo mahali panaposahauliwa kuliko pote, kwa sababu panajificha chini na hupata matope.

Ikiwa taa zinabaki na mwanga wake wote, na inasikika sauti moja tu, "ta!", kisha kimya, hapo lawama huanza kuiangukia stata. Solenoidi imefanya kazi yake ya kusukuma, lakini umeme mkubwa haukupita. Pengine vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimeungua na kulika, au kaboni za mota zimekwisha. Kaboni ni vijiti vifupi ambavyo hupitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka kwa kujisugua juu yake, navyo hupungua kidogo kidogo kama kipande cha sabuni. Vikiwa vifupi sana, springi haiwezi kuvikandamiza vizuri.

Ugonjwa huu wa kaboni na wa solenoidi una tabia ya kuvizia, na dereva mwenye kufikiri ataitambua. Leo gari huwaka mara ya kwanza. Kesho huwaka mara ya tatu. Keshokutwa huwaka sawasawa, na mwenyewe husahau. Halafu hufika siku ya kugeuza ufunguo mara kumi. Mtu akiigonga stata pole pole kwa mpini wa nyundo, mara huzunguka. Kugonga huko si matengenezo, bali ni uthibitisho. Stata iliyoamshwa kwa kugongwa imetoa habari ya mwisho kabla ya kufa, na mwenye gari anayeelewa hivyo ataipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo, asingoje mpaka ikatae kabisa.

Taa zikiwa na mwanga na pasiwe na sauti yoyote, si lazima stata iwe mbovu. Umeme mdogo wa ufunguo huenda haufiki. Katika magari ya gia za otomatiki, ambayo ni mengi sana miongoni mwa yale yaletwayo kutoka Japani, stata haifanyi kazi ila mkono wa gia uwe kwenye P au N. Swichi inayolinda jambo hilo ikichakaa, gari hunyamaza kwenye P lakini huwaka kwenye N, na hilo ni jaribio lisilogharimu hata senti moja. Baadhi ya magari ya gia za mkono nayo hutaka klachi ikanyagwe mpaka chini. Tena magari mengi ya Nairobi yametiwa swichi ya siri ya kuzuia wezi, na waya zake huunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe tu. Baada ya mwaka mmoja wa mashimo ya barabara, kifungo hicho kinacholinda gari dhidi ya mwizi humzuia na mwenyewe.

Ziko sauti nyingine mbili ambazo ni rahisi kuzitambua. Ya kwanza ni mvumo mwepesi, "wiiii", stata ikizunguka peke yake bila injini kugeuka. Gia ndogo haishiki, au klachi yake ndogo ya ndani inateleza. Ya pili ni kelele ya chuma kusaga chuma. Hii haifai kuvumiliwa hata siku moja, kwa kuwa meno yanakatana. Gia ndogo ya stata hubadilishwa kwa kazi ya saa chache, lakini meno ya flaiwili yakivunjika hapana budi gia boksi ishushwe, na gharama yake si ya kulinganishwa.

Mwisho, iko stata ambayo huzunguka kwa uchovu, kama mtu apandaye mlima na mzigo, ingawa betri imejaa. Bushi za ndani zimelika, mhimili umeinama kidogo na unasugua kando. Stata ya namna hii hula umeme mwingi kuliko kawaida yake, na ndiyo inayowafanya watu wanunue betri baada ya betri.

Mwenye mita ya umeme, hata ile ndogo ya bei rahisi, anaweza kuamua neno hili bila kubahatisha. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebakiwa na nusu tu, na chini ya 12 imekwisha. Mtu mmoja ageuze ufunguo, na mwingine atazame mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 betri ni dhaifu, au stata inavuta kupita kiasi, na betri nyingine iliyo nzima ikiazimwa jibu litapatikana. Ikibaki juu ya 10 na stata haizunguki vyema, betri imesamehewa. Na gari likiisha kuwaka mita ipande kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, alteneta haijazi betri, na lawama yote ya stata ilikuwa ya bure.

Baridi, vumbi na udongo mweusi

Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi zake huwa na baridi kali. Baridi huifanya oili ya injini iwe nzito na kuipunguzia betri nguvu. Kwa hiyo gari lililowaka vizuri mwezi wa Machi hulalamika mwezi wa Julai, nalo linaonyesha udhaifu uliokuwapo tangu zamani. Kinyume chake ni gari linalowaka vizuri asubuhi lakini linakataa mchana, baada ya safari, dereva anaposimama kujaza petroli. Hiyo ni alama ya stata iliyochoka, hasa ile iliyo karibu na bomba la moshi. Joto huongeza ukinzani wa nyaya zake na wa solenoidi, na gari likipoa nusu saa huwaka kana kwamba halikuwa na neno.

Mitaa ya Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati na Jericho, iliyojengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya wafanyakazi, haikufikiriwa kuwa wakazi wake watakuwa na magari. Magari hulala nje penye umande na vumbi. Na upande wa Donholm, Umoja na Embakasi ardhi ni ule udongo mweusi ushikao maji, na mvua za Machi hadi Mei hufanya vidimbwi ambavyo hapana ajuaye kina chake. Kwa kuwa stata iko chini, ndiyo inayooga kwanza. Matope hukauka juu yake, maji huingia penye gia ndogo, na kutu huzuia mhimili usiteleze. Oili inayodondoka kutoka juu ya injini nayo huingia ndani na kuzilowesha kaboni, kwa hiyo mwenye kutengeneza stata bila kuziba oili hiyo amefanya nusu ya kazi.

Hapa yapasa kutoa onyo. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 magari mengi ya Nairobi yalizama njiani. Gari lililozimika ndani ya maji lisiwashwe tena kwa haraka. Kama injini imevuta maji, pistoni haiwezi kuyakandamiza jinsi inavyokandamiza hewa. Stata hutoa mlio mmoja na kusimama, dereva hudhani stata imeharibika na kuendelea kulazimisha, na kwa kulazimisha hivyo huweza kupinda vyuma vya ndani ya injini. Gari hilo livutwe, na fundi atoe kwanza plagi na kuyamwaga maji.

Mambo yenye hatari

Ufunguo usigeuzwe kwa zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, kisha stata ipumzike dakika moja au mbili. Kushikilia ufunguo kwa hasira huchoma nyaya, na harufu ya kuungua ikisikika kazi ikome. Ikiwa gari limewaka na stata inaendelea kulia ingawa ufunguo umerudishwa, shaba za solenoidi zimeshikamana. Zima injini, fungua waya wa ethi wa betri upesi, usiguse kingine.

Wako watu ambao hulala chini ya gari na kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Cheche huruka, na gari likiwa ndani ya gia hujirusha mbele na kumpita mtu aliyelala pale. Ni kosa linaloua. Hata yule anayegonga stata ahakikishe kwamba gia imetolewa, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa penye magurudumu. Wakati wa kuazima umeme wa gari jingine, waya mwekundu hufungwa penye alama ya kujumlisha kwa betri zote mbili, na mweusi hufungwa kwenye betri nzima, kisha ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari gonjwa, mbali na betri, kwa maana betri hutoa hewa inayoshika moto.

Kusukuma kunasaidia gari la gia za mkono tu, tena lenye betri iliyobakiwa na nguvu kidogo. Gari la otomatiki litasukumwa kutoka Makadara mpaka Muthurwa bila kuwaka.

Kwa fundi na kwa muuza spea

Si kila stata iliyokufa ni ya kutupwa. Kaboni, bushi na shaba za solenoidi huuzwa peke yake, na fundi wa umeme wa magari katika gereji za Kariobangi au za Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan kwa jina lake la zamani, huweza kuzibadilisha kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya stata nyingine. Mwenye gari asione haya kusimama karibu stata inapofunguliwa na kuomba aonyeshwe kaboni za zamani. Zikiwa bado ndefu na shaba inang'aa, aulize vizuri ni kitu gani kilichokufa. Nyaya za ndani zikiwa nyeusi na zanuka moto, hapo kununua nyingine ni haki.

Stata nyingi zinazouzwa huko zimetolewa katika magari yaliyokwisha kutumika. Nyingine zina miaka mingi mizuri mbele yake, na nyingine zimepakwa rangi tu. Mnunuzi aende na ile ya zamani mkononi, azilinganishe matundu ya bolti, ahesabu meno ya gia ndogo, na asome volti zilizoandikwa, kwani malori na mabasi mengi hutumia volti 24 na motokaa ndogo hutumia 12. Kabla ya kutoa fedha, muuzaji aifunge stata kwa nguvu mezani na kuiunganisha na betri. Gia ndogo itoke mbele mara moja, izunguke kwa kasi bila kuyumba, na umeme ukikatwa irudi ndani. Jaribio hilo lirudiwe mara tano au sita, kwa sababu kaboni mbovu huweza kubahatisha mara moja au mbili. Baada ya kufungwa garini na kutumika juma moja, nati za waya mnene zikazwe tena, waya wa ethi ukiwa umefunguliwa kwanza kwenye betri.